Unga Mweupe Kati ya Magurudumu

"Chagua wewe kwanza, Fundi Eliakimu," nilisema. "Mimi ni mwanafunzi tu."

Watu waliokuwa dukani kwa Hamidi wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Mwaka huo wa 1991 bidhaa zilikuwa zimeanza kumiminika Dodoma kutoka Dubai, na Hamidi alikuwa ameleta aina mbili za ule udongo wa kunata ambao fundi saa huugusisha kwenye vipuri ili unyanyue vumbi na mafuta. Mmoja ulikuwa wa kijani, mkavu kidogo. Mwingine wa manjano, laini kama siagi. Alitaka tumwambie aagize upi.

Mimi sikuwa nimefuata udongo.

Miaka sita nyuma, mume wangu Kefa alikuwa kibarua kwenye meza ya Eliakimu. Siku moja saa ya Mwalimu Bartolomayo ilirudishwa ikiwa imesimama. Ilipofunguliwa mbele za watu, unga mweupe ulionekana kati ya magurudumu yake.

"Huyu anakula ugali juu ya saa za watu," Eliakimu alisema.

Soko zima likamwita mume wangu Fundi Ugali, hata watoto wa shule. Kefa alifunga bisibisi zake katika kitambaa, tukarudi kijijini kwetu Haneti. Tangu siku hiyo hakutaka neno saa litamkwe nyumbani kwake.

Alisahau kuchoma daftari lake la kazi. Nilijiandikisha katika kisomo cha watu wazima ili niweze kulisoma, na ilinichukua misimu miwili ya uwele kuufikia ukurasa wa udongo. *Bonyeza juu ya kioo safi, inua. Ukiacha alama, usiutumie.* Chini yake, kwa herufi ndogo: *E. anatia poda. Nimemwambia aache. Hasikii.*

Nikaelewa kwa nini Kefa hakujitetea siku ile. Nani angemsikiliza kibarua? Nikajifunza kazi kwa daftari lile, nikarudi mjini, nikaweka meza yangu hatua chache kutoka ile ya Eliakimu, nikangoja.

Sasa alikuwa akilifinyanga donge la manjano.

"Huu ndio," alisema.

"Hautayeyuka kwa joto la Oktoba, Fundi?"

"Mama Anitha, ndiyo maana nasema ufundi hausomwi darasani. Unaukanda kwa poda ya watoto, unakaza. Nafanya hivyo tangu enzi za mumeo."

"Basi tuonyeshe, nasi tujifunze."

Akachukua kopo la poda rafuni, akaukanda kwa madaha, akaubonyeza juu ya kioo cha kabati, akainua. Doa jeupe likabaki. Hamidi aliligusa kwa kidole, akanusa.

"Mbona linanukia marashi?"

"Ndio unga wa saa ya Mwalimu Bartolomayo," nikasema. "Sisi Haneti hatusongi ugali wa poda."

Eliakimu alipangusa kioo kwa mkono wa shati, na doa likazidi kutapakaa. Hakuna aliyecheka. Nikamwambia Hamidi aagize wa kijani.

Jumamosi nilirudi Haneti, nikamkuta Kefa uani akipura uwele. Nikamsimulia yote, hata harufu. Hakunipa mkono wala kuutazama uso wangu; fimbo yake iliendelea kupanda na kushuka. Nilipomaliza, akaituliza.

"Walikuwapo wangapi?"

"Wanane, pamoja na mwenye duka."

Aliyageuza masuke kwa mguu.

"Hawatoshi," akasema, akainua fimbo tena.