Jiwe la Rangi Nyekundu

Nawategea, wajukuu: mama anazaa watoto wanaofanana, akimaliza anauawa mbele ya shahidi. Mmeshindwa? Nipeni mji. Lyon? Haya, nimefika Lyon, nimekula nikashiba. Jibu ni jiwe la kuchapia picha.

Karakana yetu ilikuwa Paris, Montparnasse. Babu yenu Gaspard alinakili michoro ya wachoraji juu ya mawe, kila rangi na jiwe lake. Kaka yake Anselme alizungusha mashine. Nakala zikitimia, jiwe hukwaruzwa kwa chuma mbele ya mchoraji, lisizae tena.

Siku ile mzee Lascombe, mchoraji wa picha tuliyomaliza, alikuwa njiani kuja kushuhudia. Anselme akasimama mbele ya jiwe la nyekundu.

"Hili halikwaruzwi. Tutachapa nyingine kimyakimya. Sahihi yake naiweza."

"Kaka, huo wizi. Jina lake, mkono wangu."

"Mkono wako! Kasuku wewe, kazi yako kuiga. Na mzee mwenyewe haoni hata supu yake."

"Nipishe."

"Pita basi, kama wewe mwanamume."

Gaspard akainua chuma. Anselme akampiga ngumi ya mdomo, jino likarukia kwenye wino. Kisha akaukamata mkono wa kulia wa Gaspard, umejaa wino mwekundu, akaubandika juu ya jiwe na kulisukuma gurudumu. Ubao wa kukandamiza ukapita juu ya vidole. Nilivisikia vikipasuka kama lozi.

"Shemeji, kaa mbali!"

"Shemeji yako nani, muuaji wewe?"

Nikanyanyua rola ya wino, nzito kama mtoto wa kubeba, nikamshushia kisogoni. Akaanguka. Nikaongeza, nikaongeza tena.

"Odile!" Gaspard alikuwa amepiga magoti, damu inamtiririka. "Mwache huyo. Jiwe kwanza."

Nikalikwaruza pembe hadi pembe huku nalia, nalo likilia.

Mzee Lascombe akaingia, akatuona, akavua kofia. Desturi inadai nakala moja ya mwisho, kuonyesha kwamba jiwe limekufa. Niliichapa mwenyewe, Anselme akikoroma sakafuni. Ikatoka na msalaba wa mikwaruzo, na katikati kiganja chekundu, vidole vimepindapinda.

Mzee akaitazama sana, kisha akamsogezea Gaspard penseli.

"Hii tia sahihi wewe, mwanangu."

Akatia, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukushika tena penseli.