Bafu la Kioo

Shemeji yangu, mume wa dada, alipokarabati nyumba alimleta mbunifu wa mapambo ya ndani, kijana wa miwani mikubwa aliyepita chumba hadi chumba akigongagonga kuta na kusikitika, kama daktari aliyeitwa kwa kuchelewa. Alisema nyumba haipumui. Basi ikapumulishwa. Choo cha wageni kilivunjwa kikawa "kona ya tafakuri": jiwe moja na tawi kavu ndani ya chungu. Bafu lililobaki, na choo humohumo, likavuliwa kuta na kuvishwa kioo kitupu, likatazamana na sebule bila pazia wala haya.

"Mwanga utiririke," Shemeji alitufafanulia, kifua mbele.

Nikamuuliza kama ni mwanga tu utakaotiririka humo. Hakucheka. Watu wenye ladha hawacheki ovyo.

Haikunihusu, wao ni mke na mume, wajuane. Kisha Mama akavunjika mguu. Hospitali walimfunga plasta, wakamwagiza anywe maji mengi, na dada akamchukua kwake, maana mimi nashinda kazini. Shemeji naye anafanyia kazi nyumbani, hapohapo sebuleni, uso kwa uso na kile kioo. Sasa mtu mzima na heshima zake ataingiaje humo, mkwewe ametulia kwenye kompyuta?

Hakuingia. Alisubiri Shemeji aende dukani. Akaacha chai, akaacha na maji, midomo ikamkauka. Mama mwenyewe aliomba liwekwe hata pazia, dada naye akabembeleza. Shemeji akasema pazia lingeua dhana nzima. Mlango je? "Mlango ni woga," akasema. Hayo yalikuwa maneno ya mbunifu, yeye aliyameza mazimamazima. "Mama atazoea. Mimi nitaangalia pembeni."

Nilipokwenda kumwona Jumapili, Mama aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimekuwa mtu wa kuvizia choo. Kwa umri huu!"

Roho iliniuma. Nilijiandaa kumpa Shemeji vidonge vyake, lakini tumbo lake lilinitangulia. Alikuwa anatueleza habari za vivuli, akanyamaza katikati ya sentensi. Jasho likamtoka. Akatazama kioo. Akamtazama Mama, aliyekaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, uso umeelekea bafuni kwa sababu ndivyo mbunifu alivyoyapanga makochi.

"Mama," akasema, magoti ameyabana, "hutaki kupumzika chumbani?"

"Nimeshapumzika, baba. Na kwa mguu huu, mpaka nifike huko ni safari."

"Basi ungefumba macho kidogo…"

"Atazoea," nikamwambia. "Na mimi nitaangalia pembeni."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Shemeji alitoka mbio, kandambili moja mguuni, akaingia kwa jirani, mtu asiye na dhana yoyote ila ana mlango. Tulicheka mpaka Mama akashika mbavu. Hata dada alicheka, ingawa alijifanya anafuta meza.

Aliporudi amenywea, alimpigia seremala simu mbele yetu sote. Alitaka mlango wa mbao, mzito, na kioo chote kipigwe rangi kisionyeshe kitu. "Kesho asubuhi," akasisitiza. "Bei tutaelewana." Hapo Mama akaacha kucheka. Akaniomba nimfungashie nguo zake.

Sasa yuko kwangu, na nikiwa kazini jirani yangu huja kumwangalia. Shemeji, nasikia, huwatembeza wageni hadi bafuni na kuwaambia kuwa faragha ndiyo anasa ya kisasa. Hana hata chembe ya aibu.

Juzi dada alipiga simu, nikaiweka kwenye spika. "Mama, rudi basi. Mlango upo, na una kitasa."

"Nimesikia," Mama akamjibu. "Lakini mimi niliomba kwa mdomo, sikusikilizwa. Limeomba tumbo lake, mlango umekuja kesho yake. Nikirudi, mwanangu, nitakuwa nimekaribishwa na tumbo, si na mwenye nyumba."

 Nilimsikia dada akilia, na mimi utani wangu nikaumeza.