Mtandio wa Sufu

Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Miaka ishirini na sita ya kushona imenizoesha kukunjua kitambaa chote kabla sijakipokea, muuzaji anune asinune. Kwa hiyo niliingia kifua mbele katika lile duka la uwanja wa ndege lisilotozwa ushuru, nikapita chokoleti na miwani bila kugeuka, nikaomba manukato aliyokuwa akijipaka marehemu mama yetu.

Nilikuwa nampelekea dada yangu. Siku ya mazishi niliificha chupa ya mama nikaondoka nayo, na dada hakunisemesha miaka sita. Chupa ile ilishakwisha. Safari hii nilitaka tuyamalize.

Msichana wa kaunta alinipa chupa ya mwisho, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa gundi. Sikungoja. Niliuchana palepale, nikafungua kisanduku, nikanusa. Yalikuwa yenyewe.

"Mama, umefanya nini?" akauliza. "Si unabadilisha ndege njiani? Kule wakaguzi wakikuta mfuko umechanwa, chupa wanaichukua."

"Nifungie mwingine, mwanangu."

"Siruhusiwi. Risiti moja, mfuko mmoja. Wakinikamata, kazi sina."

Nilijilaani kimoyomoyo, maana ni mazoea yangu mwenyewe yaliyoniponza. Kisha nikavua mtandio wangu.

"Na nguo wanachukua?"

"Nguo hapana."

"Basi shika pembe hiyo."

Sufu haiachii harufu upesi. Hilo nalijua kuliko wakaguzi wote. Tuliutandaza juu ya kaunta, nikapuliza huku wateja wakipiga chafya, mpaka chupa ikabaki robo. Robo hiyo nikamwachia msichana.

Kwenye ndege jirani yangu aliomba kuhamishwa kiti. Nilimpisha kwa heshima zote.

Dada alikuwa ananisubiri kwenye lango la wanaowasili, amekunja mikono na uso pia. Alikuja kwa kuwa mwanawe alimbembeleza. Nilimwendea moja kwa moja.

"Dada, chupa ya mama niliificha makusudi. Nilijua unaitaka. Naomba unisa—"

Alikuwa ameshaukamata mtandio kwa mikono miwili, pua yake shingoni kwangu.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Acha ninuse."