Sauti ya Nemoto

Wiki ya kwanza ya Aprili kampuni moja ya Japani iliwapeleka milimani kwa mafunzo ya kazi, vijana kumi na wawili waliomaliza chuo juzijuzi, suti zao nyeusi bado zikiwa na harufu ya dukani. Bwana Hirasawa, mkufunzi wao, alisimama ng'ambo ya uwanja na bendera nyeupe. Kila mmoja apaze sauti: jina, chuo, na ahadi yake kwa kampuni. Akisikika, bendera inapanda. Na hakuna kula mpaka wote wapite.

Mizuho, kiongozi wa kundi, alipita mara moja. Wengine nao wakapita. Akabaki Nemoto.

"Ne... Ne... Ne..."

"Sijasikia! Rudia!"

"Pikipiki imegoma kuwaka," kijana mmoja, Iwamuro, akanong'ona, wenzake wakabana vicheko. "Jamani, wali wa kari unapoa kule ndani."

Mizuho hakucheka. Alisoma chuo kimoja na Nemoto, na kwenye treni ya kuja Nemoto alikuwa amemfungulia moyo: ana kigugumizi, na usaili aliupita kwa kukariri majibu kama wimbo. "Usimwambie mtu, Mizuho. Huruma za watu siziwezi." Naye akaahidi.

Nemoto alijaribu tena na tena, shingo ikimvimba mishipa. Mwishowe Mizuho akashindwa kuvumilia. Akakimbia kuvuka uwanja.

"Samahani sana, mwalimu. Ana kigugumizi. Naomba umpitishe tu."

Bwana Hirasawa aliiweka bendera kando. Macho yake yalilainika.

"Umefanya vyema kuniambia. Hata mimi nilikuwa hivyo utotoni. Kupiga kelele ndiko kulikoniponya. Nikimwachia leo, nitakuwa nimemtupa."

Angekuwa mkatili, Mizuho angejua la kumjibu.

"Nemoto!" mkufunzi akaita, viganja mdomoni. "Shida yako naijua, mwenzako kaniambia! Usiwe na haraka, tunakungoja!"

Nemoto hakumtazama mkufunzi. Alimtazama Mizuho.

Wote wakaanza kumpigia makofi. "Jikaze, kaka!" Iwamuro akapaza sauti, safari hii kwa dhati. Nemoto akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akainama mpaka kiunoni, akaingia ndani, akatoka na begi lake.

Mizuho alimkimbilia hadi getini.

"Nisamehe. Nilitaka kukusaidia."

"Naj... Naj..." Taya lilimtetemeka. Mizuho alitamani kummalizia lile neno, akaogopa. Nemoto akatikisa kichwa, akashuka barabarani kuelekea kituo cha basi.

Mezani Bwana Hirasawa alimsifu Mizuho mbele ya wote kwa kumjali mwenzake. Wakampigia makofi. Mizuho akasimama, akashukuru kwa sauti kubwa kama alivyofundishwa, kisha akaketi mbele ya sahani ya kari.

Kesho yake kampuni ilipigiwa simu na mmoja wa wale watu wanaolipwa kutoa taarifa ya kuacha kazi kwa niaba ya wengine. Nemoto harudi, alisema, na anaomba asitafutwe. Hata hivyo Mizuho alimwandikia Nemoto ujumbe. Mpaka mafunzo yanakwisha, ulikuwa haujasomwa.