Leseni ya Mwanafunzi

Chumba alichofanyia kazi Fundi kilikuwa zamani stoo ya nyumba yao. Meza yake ilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya mapipa mawili, na tundu la kitasa ndimo alimopitishia waya wa kompyuta. Walimwita Fundi kwa utani tangu utotoni, kwa sababu kila kilichoharibika alikifungua. Alipomaliza chuo akaanza kuwaandikia wenye maduka programu za kompyuta, na utani ukageuka kazi.

Mchana huo alikuwa na kazi ya mzee mwenye duka la dawa, aliyetaka kompyuta imwonye kabla dawa zake hazijapitwa na muda. Kazi ilikuwa imemkolea. Mara mdogo wake, Kitinda, akaingia bila kubisha, mkoba wa chuo ungali begani.

"Dada, wamenikatalia."

"Kina nani tena?"

"Hao wenye programu unayoandikia kazi zako. Mwalimu katuambia kila mmoja ajiandikishe kwao, mwanafunzi anapewa leseni bure. Wenzangu wote wamepata. Mimi naambiwa nafasi yangu nimeshaitumia."

Fundi akaacha kuandika. Hakuuliza nafasi gani, maana aliijua kuliko mtu yeyote.

Programu ile ilikuwa kwake kama cherehani kwa mshonaji. Toleo la zamani alilinunua mara moja, akalitumia miaka. Kisha watengenezaji wakatoa jipya na kulitupa mkono lile la zamani, na kazi alizofanya kwa lile la kale zikaanza kugoma kwenye kompyuta mpya za wateja. Toleo jipya nalo haliuzwi, linakodishwa. Kila mwaka unalipa upya, na mtu aliye peke yake stooni anatozwa sawasawa na kampuni yenye ghorofa zake. Kodi hiyo ingemeza malipo yote ya duka la dawa na bado ikadai. Wanafunzi tu ndio walipewa bure, kila mmoja kwa kompyuta moja, na kwa sharti wasiifanyie biashara.

Anwani ya barua pepe ya Kitinda pale chuoni aliifungua yeye Fundi, wiki mdogo wake alipoanza masomo ya takwimu na hajui hata pa kubonyeza. Neno la siri alilichagua yeye. Basi siku moja akajiandikisha kwa jina la mdogo wake, akijipa moyo kwamba mtu wa takwimu ana haja gani na chombo kile. Angejuaje kwamba Kitinda atahama takwimu? Tena alihama kwa ajili yake. "Nataka kuwa kama Dada," alimwambia mama, na mama akacheka, akasema nyumba sasa itakuwa waya tupu.

"Sijaigusa hata siku moja," Kitinda alikuwa akisema. "Au nilibonyeza kitu? Unavijua vidole vyangu."

"Labda mitambo yao imekosea," Fundi alisema, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwalimu hasemi hivyo. Anasema wapo wanaowauzia watu wa nje nafasi zao. Alivyoniangalia mbele ya darasa, Dada, nilitamani sakafu inimeze. Kesho niende ofisini kwake, na nikikosa maelezo, mradi wangu wa mwisho hataupokea." Akamshika dada yake bega. "Twende wote. Wewe unaijua lugha yao. Mwambie mimi si mwizi."

"Sawa," Fundi akasema.

Mezani mama akaongeza yake. "Mwenzio hajatia kitu mdomoni. Msaidie, mwanangu, wewe ndiye mjuzi wa mambo hayo."

"Nitamsaidia, mama." Chakula chake kikapoa mbele yake.

Kesho yake, njia nzima, Fundi alijipangia maneno: mitambo hukosea, majina hufanana, makampuni makubwa hayajali. Yalikuwa maneno mazuri. Mwalimu, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwakaribisha viti.

"Mwalimu, huyu ndiye dada yangu," Kitinda alisema, kama anayetoa dhamana. "Wenye maduka wote wanamwamini."

Alikuwa amekumbatia kitambulisho chake cha chuo kwa mikono miwili. Fundi akaviangalia vile vidole, na maneno yote mazuri yakamtoka.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nafasi yake niliichukua mimi. Yeye hakujua lolote."

Hakuthubutu kugeuka kumtazama mdogo wake.

"Unaijua bei yao, mwalimu," alianza, kisha akaacha. Hata masikioni mwake ilisikika kama sababu ya mtoto aliyevunja glasi.

"Naijua. Nilikuwa na wateja wangu kama wewe, na bei hiyo ndiyo iliyonileta kwenye chaki." Mwalimu akavaa miwani. "Ila sikumwachia mtoto wa watu kesi. Kaitoe kwenye kompyuta yako leo, nafasi itamrudia. Na mimi darasani nitasema nilimshuku bure."

Njiani Kitinda alitangulia, hatua kubwa kubwa. Walipofika mlangoni kwao akasimama.

"Ungeniomba," alisema, mgongo bado kwake. "Ningekupa tu, Dada. Hata leo ningekupa."

Bora angemtukana. Fundi alijua ni kweli, na alijua hivyo siku ile alipojiandikisha.

Stooni alimpigia simu mzee wa duka la dawa. "Mzee wangu, kazi yako itachelewa. Chombo nilichokuwa natumia si changu."

"Ulikiazima kwa nani?"

"Sikukiazima."

Mzee akaguna. "Haya. Acha niendelee kukagua chupa kwa miwani."

Fundi akabonyeza kuiondoa programu. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

Kitinda alivuta kiti, akaweka kompyuta yake juu ya ule mlango, akajiandikisha. Safari hii ikakubali. Kioo kikamwandikia jina lake kamili, na juu yake: Karibu tena.

Akayasoma maneno hayo kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

"Sogea kidogo," akasema mwishowe. "Waya wangu haufiki kwenye tundu."

Fundi akachomoa wa kwake, akasogea.