Siku Bibi Batuli Alipokubali Kula

Nyumba ya Advera na Justus pale Cheyo, mjini Tabora, ilikuwa na vyumba viwili na jiko, kochi moja, na ndoa isiyofikisha miezi mitatu. Kochi alilitengeneza Justus mwenyewe, maana seremala akioa hanunui kochi, ananunua misumari. Mapazia alishona Advera. Walishagombana mara moja, juu ya rangi ya mapazia hayohayo, wakanuniana hadi jioni, kisha wakacheka. Ndivyo nyumba zinavyoanza.

Lakini Krismasi hii haikuwa na masihara. Siku hiyo Bibi Batuli alikuwa anakuja kula.

Huyu Bibi Batuli ni mama wa mama yake Justus. Anakaa Gongoni, Mwislamu wa tangu na tangu, na wazee wake walifika Tabora na misafara, wakaipenda, wakabaki. Alimzaa binti mmoja tu, akamwita Rukia. Rukia akampenda kijana wa Kimoraviani, akabatizwa, akaitwa Recheli, akaolewa. Tangu miaka hiyo, Justus hata hajazaliwa, Bibi hakutia kinywani tonge wala maji nyumbani kwa binti yake. Si kwamba haendi. Mtoto akiugua alikwenda, na mkwewe alipofariki alikaa matanga mpaka mwisho, lakini alikula vya kwenye kikapu chake. Mtaa ukasema bibi amesusa kwa sababu ya ubatizo. Na mtaa ukishasema, nani tena wa kuuliza?

Kabla ya harusi Advera alipelekwa Gongoni kumwamkia. Akapiga magoti, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa marahaba, akashikwa kidevu na kukaguliwa kama nazi sokoni.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, maana mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na mkewe huyo ndiye mke mwenza. "Huyu mume wetu anakula ovyo, amenishinda. Wewe ukiniahidi nguruwe haingii nyumbani kwako, Krismasi nitakuja kula."

"Haingii, Bibi," Advera akasema. Justus naye akaapa. Mlangoni alikuwa amesimama Recheli, kaziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtiririka.

Advera aliitunza ahadi ile kama yai. Sufuria alinunua mpya. Kuku alimpeleka kwa jirani Abbasi achinjwe, akasimama palepale mpaka akaisikia bismillahi kwa masikio yake. Wali wa pilau ulikuwa mchele wa kwao Igunga. Na keki aliianza alfajiri kabla ya kwenda kanisani: akapiga sukari na siagi kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi, mayai yakafuata, unga ukafuata, na ndipo akaona siagi haitoshi. Maduka yamefungwa. Akainua macho rafuni, akaona kopo lenye mafuta meupe, yameganda vizuri, hayana harufu. Mafuta mgando ya kupikia! Justus amekumbuka kununua bila kutumwa! Akachota vijiko vitatu akatia kwenye mchanganyiko, akapaka sufuria kwa yaliyobaki, akaweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Keki ikapanda hiyo, ikaiva rangi ya asali, na majirani wawili wakapita mlangoni kwa visingizio.

Bibi alifika mchana kwa bajaji, kavaa baibui jipya. Recheli, aliyetangulia kufika, akatoka kumpokea, akanyoosha mkono kupokea kikapu kama kawaida. Hapakuwa na kikapu. Bibi alikuja mikono mitupu, kama mtu anayekwenda kula kwake. Recheli aligeuka upande kidogo, akajifanya anamlipa dereva ambaye Justus alikwisha kumlipa.

Wakamkalisha kwenye kochi. Keki ikawekwa mbele yake, Advera akaikata kwa kisu, akampa kipande kikubwa kwenye sahani, Bibi akakinusa na kusema, "Mume wetu kapata." Kisha Advera akarudi jikoni kupakua pilau. Moyo wake ulikuwa umejaa furaha mpaka akawa anaimba nyimbo za asubuhi kanisani.

Justus akaja kuchukua jagi la maji. Akasimama.

"Advera. Hili kopo limekuwaje?"

Kopo lilikuwa limeoshwa, limeinamishwa kando ya beseni. "Nimeyamaliza mafuta. Asante mume wangu, siagi iliniishia njiani."

Justus aliliinua kopo, akachungulia ndani, kana kwamba mafuta yangerudi.

"Yale yalikuwa ya msumeno," akasema.

"Ya msumeno?"

"Ya kupaka msumeno na skrubu, visikwame kwenye mti. Jana tumefunga karakana, nikaja na vifaa vyangu."

"Mafuta ya nini, Justus?"

Akatazama mlango wa sebuleni. Akanong'ona: "Ya kitimoto. Yule jamaa anayekaanga nyuma ya karakana hutupa bure. Mimi niliapa kuhusu nyama, Advera. Yale si chakula, ni vifaa vya kazi."

Wanaume jamani! Mtu anaapa nguruwe haingii, halafu anampitisha mlango wa mbele ndani ya kopo na kumpandisha rafuni, dhamiri imelala fofofo. Advera alitaka kumpiga na mwiko. Alitaka kulia pia. Lakini kilichomshika kuliko vyote ni hofu, akaegemea meza.

"Mke mwenzangu!" Bibi akaita kutoka sebuleni. "Nimekwisha nawa! Mwenyeji hajakaa, mgeni hali. Njooni basi!"

Recheli akaingia, anatabasamu. "Mnamweka mama yangu na njaa?" Akaziona sura zao, tabasamu likafa. Justus akamweleza kwa maneno machache. Recheli akaurudishia mlango taratibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi tu, mama."

"Basi iishie hapa."

"Mama," Advera akasema, "nilimwahidi."

"Na hukuvunja kwa kusudi. Asiyejua hana dhambi. Mimi nimesoma madrasa, najua ninachosema."

"Lakini sisi tunajua."

Recheli alimshika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi. "Mwanangu, mimi nimezaa, nimelea, nimekuwa mjane, na mama yangu hajanywa hata maji yangu. Leo kaja bila kikapu. Umeona? Bila kikapu! Yule ni mtu mzima sana. Una hakika gani na Krismasi nyingine? Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Tumwambie keki imeharibika. Niiondoe, ale pilau."

"Pilau umeigeuza kwa mwiko upi?"

Advera akautazama mwiko. Ulikuwa uleule wa kupigia keki, aliufuta tu kwa kitambaa. Jiko zima lilikuwa limeguswa, na uongo mdogo usingetosha. Ama aseme yote, ama anyamaze milele.

"Enyi watu wa jikoni!" Bibi akaita tena, anacheka.

Wakatoka. Recheli alikaa kando ya mama yake, Justus akakaa kwenye kigoda akiangalia sakafu, Advera akakaa mbele ya Bibi. Alimwogopa mkwewe. Bi harusi wa miezi mitatu akimvunjia mama mkwe siku kama hii, atakaa wapi? Akajiona akinyamaza, Bibi anakula, anasifu, anarudi Krismasi ijayo na Pasaka na Idi, na kila akija anamwita mke mwenzangu, na kila akiitwa hivyo Advera anaitika huku akijua. Recheli alimkazia macho. Macho yale yalikuwa yanamsihi.

"Haya," Bibi akasema. "Bismillahi." Akainua kipande.

Advera akamdaka mkono.

"Bibi, usile."

Mkono wa Bibi ulibaki hewani, umeshikwa.

"Nimetia mafuta ya nguruwe. Sikujua, niliyaona kwenye kopo nikadhani ni mafuta mgando. Nisamehe Bibi. Hata pilau usile."

"Ni yangu," Justus akasema. "Niliyaleta mimi. Ya kazini."

Bibi akakirudisha kipande kwenye sahani. Akamgeukia Advera.

"Umejua lini?"

"Sasa hivi. Ulipokuwa unatuita."

"Rukia." Bibi hakugeuza kichwa. Hakuwahi kumwita Recheli, hata siku moja. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ungeniacha nile."

"Ningekuacha," Recheli akasema.

"Kama siku ya yule kuku."

Recheli akajifunika uso kwa kanga. Bibi akazungumza na Advera, kama vile wengine hawapo.

"Mtaa unasema nimesusa ubatizo. Ubatizo nililia, nikachoka kulia, nikanyamaza, mtoto hatupwi. Krismasi yake ya kwanza kwa mumewe nilikwenda kula. Nikamuuliza, kuku kachinja nani? Akanitazama machoni akaniambia kachinja mwalimu Abdulatifu. Nikala mpaka nikalamba vidole. Kesho yake nakutana na mwalimu, namshukuru, ananiambia yeye sikukuu nzima alikuwa msibani Nzega." Bibi akavuta pumzi. "Kuku si kitu. Hata ladha yake nimeisahau. Ila tangu siku ile, nikiiangalia sahani ya mwanangu, sijui ninakula nini."

"Mume wangu alikwisha kumchinja mwenyewe," Recheli akasema ndani ya kanga. "Niliogopa hungekula, mama."

"Na sikula! Mpaka mtoto wako kaota ndevu sikula. Woga wako umekupa nini, Rukia?"

Bibi akainuka, akaelekea mlangoni viliko viatu. Advera hakuthubutu kumzuia. Alijiambia basi, yamekwisha, maji yamemwagika, na aliyemwaga ni yeye. Alihisi uchungu, na chini ya uchungu, jambo la ajabu, alijihisi mwepesi.

Bibi alifika mlangoni akasimama, anaitazama mikono yake. Ilikuwa bado na maji ya kunawa aliposhika ile keki, na penye maji najisi huambukiza.

Kabla hajasema neno, Recheli akampita mbio akatoka nje. Akarudi na udongo kwenye kiganja na ndoo ya maji ya bombani. Akapiga magoti pale kizingitini, akaupaka mkono wa mama yake udongo, akaanza kumwagia maji, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, kama alivyofundishwa madrasa akiwa mtoto, namna ya kuondoa najisi ya nguruwe. Hakukosea. Bibi alimwachia mkono, akawa anakitazama kichwa cha binti yake, ambacho nacho kilikwisha ota mvi.

"Hujasahau," akasema.

"Sijasahau, mama."

Bibi hakuvaa viatu. Alirudi kwenye kochi akakaa.

"Rukia. Chai bado unajua kupika?"

Advera akasimama upesi. "Bibi, lipo birika la harusi, bado lina karatasi ya dukani..."

"Wewe kaa. Lako umekwisha lifanya. Nasema na binti yangu." Akapaza sauti kidogo. "Nawa na wewe kwanza, hivyohivyo. Kisha uache mlango wa jiko wazi. Kila unachotia, nitajie nisikie."

Recheli akanawa, akaingia jikoni. Wakasikia karatasi inachanwa, maji yanamiminwa, kiberiti.

"Maji," ikaja sauti, ndogo.

"Sikusikia."

"Maji, mama! Ya bombani, kwenye birika jipya."

"Haya."

"Majani ya chai. Pakiti nimeifungua mimi sasa hivi."

"Haya."

"Tangawizi..." Sauti ikakatika. Advera alishika pindo la gauni lake. Ilikuwa rahisi sana kusema tangawizi na kuendelea. "Tangawizi naiacha, mama. Kisu ni kile kilichokata keki."

Bibi akafumba macho.

"Haya," akasema, polepole kuliko mwanzo.

"Na sukari naiacha. Kijiko kilichomo ndicho kilichopimia mafuta."

"Basi umebaki na nini?"

"Maji na majani tu. Haitakuwa tamu, mama."

"Lete hiyohiyo."

Recheli akaja na birika na vikombe viwili vilivyotoka kabatini, havijawahi kunywewa. Akamimina. Chai ikamwagika kidogo kwenye kochi la Justus, na Justus hakuthubutu hata kukohoa. Bibi Batuli akashika kikombe, akapuliza, akasema bismillahi, akanywa.

"Chungu," akasema.

Akanywa tena. Kisha akamsogezea binti yake kikombe cha pili.