Hadi Cheti Kitoke

Siku mkewe alipomwambia kwamba ndoa imemshinda, Fundi Vigae alikuwa amepiga magoti bafuni kwao, anachokonoa saruji iliyokufa katikati ya vigae. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kazi yake. Jina alilokuja nalo kutoka nchi yake lilibaki kwenye makaratasi tu. Mkewe, muuguzi wa kliniki ya watoto, alisimama mlangoni na sare yake, mkoba bado uko begani.

"Sina mtu mwingine," alisema. "Wala hujanipiga, hujanitukana. Nimechoka tu. Tangu mimba ya pili itoke, wewe umehamia kazini na mimi nimehamia kliniki. Hapa nyumbani tunapishana kama wapangaji."

Fundi aliweka patasi sakafuni, mkewe akaendelea.

"Lakini faili lako la uraia liko ofisini, na uraia wenyewe unaupata kwa kuwa mume wangu. Nikiondoka leo watalifunga, na umelihangaikia miaka sita. Nitakaa mpaka cheti kitoke. Kikishatoka, kila mtu ashike njia yake."

"Ahsante," alisema Fundi. Ndilo neno lililomtoka, na siku nyingi baadaye alijilaumu kwa nini halikutoka lingine.

Wiki mbili hazijaisha, ofisi ya uraia ikamwandikia. Faili limekamilika, kasoro tafsiri ya cheti chake cha kuzaliwa, iliyogongwa muhuri wa wakili. Kesho yake Fundi akaenda kwa wakili, akapewa tafsiri ingali na joto la mashine. Hakuipeleka ofisini. Aliikunja, akaitia chini kabisa ya sanduku la zana, chini ya patasi na kamba za kupimia. Mkewe alipouliza, alijibu, "Kule kwetu wananizungusha na cheti cha kuzaliwa. Njoo kesho, njoo kesho kutwa. Si unawajua."

Muda akaupata, akautumia kama mtu aliyepewa dawa ya mwisho. Alianza kurudi mapema. Siku za zamu ndefu za mkewe alipika yeye, ingawa wali wake ungeweza kuujengea ukuta. Jioni moja alimsimulia habari za mteja aliyetaka sakafu nzima ya sebule ibanduliwe kwa sababu mbwa wake anateleza, na mbwa mwenyewe kazeeka, hata kwenye mchanga anateleza. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi akalala moyo umemjaa, akidhani mambo yameanza kugeuka. Kumbe kicheko kilikuwa kicheko tu.

Mwezi wa nne tangu aifiche tafsiri, mkewe alifungua sanduku la zana akitafuta bisibisi ili akaze mguu wa meza. Fundi aliporudi kutoka kazini aliikuta karatasi mezani, imenyooshwa vizuri, na mkewe amekaa mbele yake.

"Tarehe ya muhuri nimeiona," alisema. Hakupandisha sauti.

"Nilidhani tukipata muda kidogo..."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo, miaka miwili, kabla sijakwambia. Wewe unaanza pale nilipomalizia." Akafuta macho kwa kiganja. "Unafikiri mimi hainiumi? Kila asubuhi naamka najua ninaondoka, na siondoki. Peleka hii karatasi, baba. Nakuomba."

Akaipeleka.

Waliitwa kuhojiwa pamoja. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Aliuliza kama wanaishi nyumba moja, wakajibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Kisha akamgeukia mke. "Hebu nieleze habari za mumeo. Zile zisizoandikwa kwenye fomu."

Mke alifikiri kidogo. "Magoti yanamuuma na hasemi. Utajua kwa jinsi anavyoshika ukuta akipanda ngazi. Mbele za watu anakunywa chai bila sukari, akiwa peke yake anatia vijiko vitatu. Mama yake akimpigia simu, anasimama. Hata kama alikuwa kitandani, atasimama."

Afisa alicheka, akaandika. "Haya, huyu unamjua kweli."

Fundi aliinamisha kichwa asionekane macho. Siku zote alikuwa hajui kwamba alitazamwa kiasi kile.

Siku ya kiapo mama mkwe alikuja amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, naye hakuwa amedokezwa lolote kuhusu kuachana kwao. Fundi aliinua mkono, akaapa, akapokea cheti, na mkewe akamnyoosha kola kabla ya picha. Mama mkwe akamkumbatia mkwewe. "Sasa mwanangu wewe ni wetu kabisa," akasema.

Jumamosi iliyofuata mkewe aliondoka. Fundi alimbebea sanduku mpaka kwenye teksi. Mke alimpa mkono kama anavyowapa wazazi wa kliniki, akafungua mlango wa gari, kisha akarudi akamkumbatia, wakabaki hivyo hata dereva akazima injini.

Mama mkwe alifika katikati ya wiki, hata salamu hakumaliza. "Nani amemkosea mwenzake? Niambie, nimjue wa kumgombeza."

"Hakuna aliyekosea, mama."

"Sasa mimi nimgombeze nani?"

Mama akakaa, akavua viatu, akalia, na Fundi akakaa kando yake.

Alikuja mara mbili zaidi. Baadaye akawa anatuma salamu, na mwisho salamu nazo zikakatika. Fundi hakumlaumu. Alikuwa mwananchi sasa, mwenye haki ya kuishi popote apendapo, naye alikaa nyumba ile ile mwaka mzima, akilala upande wake ule ule wa kitanda, wa mkewe ukiwa mtupu.